Sikuwa Boi wa Mtu

Siku ya kwanza nilipoingia yadi ya malori pale Bariadi nilikuwa baba wa watoto wawili, nina mji wangu, na ng'ombe wa mahari nilikuwa nimeshawapeleka wote ukweni. Nayataja haya mwanzoni kwa makusudi, ili wewe unayesoma ujue ni mtu wa namna gani aliyesimama getini asubuhi ile. Sikuwa mtoto. Kwetu Usukumani kijana ambaye hajaoa anaitwa nsumba. Akishaoa na kuwa na mji wake anaanza safari ya kuwa namhala, mzee ambaye watu wakitaka kumsalimia husimama kwanza. Mimi ujana nilikuwa nimeuacha nyuma, safari nimeianza.

Meneja wa Usafirishaji alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayechagua ndama mnadani.

"Unajua kupiga hendeli?"

"Nitajifunza, bwana."

"Nguvu unazo?"

"Nalima, bwana. Jembe la mkono na la ng'ombe."

"Haya. Nenda pale kwa Athumani, mwambie umepewa. Wewe ndiye boi wake."

Basi, ndivyo nilivyoajiriwa. Karani aliniandika dirishani, meneja akarudi kwenye chai yake.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, havui kofia yake hata jua likiwa kali vipi. Alikuja huku kwetu enzi za wakoloni kuendesha magari ya Wahindi wa pamba, na uhuru ulipokuja, magari yakaenda ushirika, yeye akaenda pamoja na magari. Aliniangalia, akatabasamu. "Karibu, boi," akasema. Alisema kwa upole kabisa, tena akanipa nusu ya andazi lake. Ndiyo ubaya wa neno hili. Lingekuwa linatoka kinywani mwa watu wabaya peke yao ningelikataa siku ileile.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana vijana wa leo wanageuza ufunguo, gari linawaka, wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe. Thubutu! Miaka ile baada ya Azimio la Arusha, betri zilikuwa adimu kuliko mvua ya mwezi wa saba. Lori liliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopinda unachokichomeka mbele, chini ya rejeta, unazungusha kwa nguvu zako zote mpaka injini ikohoe na kushika. Dereva yuko juu kwenye usukani, amekaa. Wewe uko chini unazungusha. Na hendeli ina adabu yake. Kidole gumba hukizungushi kwenye chuma, unakilaza upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga teke chuma hurudi kwa kasi, na gumba lililokumbatia huvunjika pamoja na kifundo. Nimewaona wenzangu waliosahau. Wengine hawakushika tena jembe sawasawa.

Waingereza ndio waliotuachia jina la kazi hiyo, taniboi, yaani boi wa kuzungusha. Wengine walisema utingo, na mimi jina hilo sina ugomvi nalo. Hata nusu ya kwanza ya taniboi sina ugomvi nayo, kuzungusha nilizungusha kweli. Ugomvi wangu ulikuwa na nusu iliyobaki.

Baada ya hendeli kulikuwa na gogo. Hiki kilikuwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa upande mmoja, na lori likielemewa mlimani utingo anaruka chini nalo na kulisukuma nyuma ya gurudumu kabla gari halijarudi. Kulikuwa na turubai, kulifunga juu ya pamba na kulikaza kwa kamba mpaka lilie ukiligonga. Kulikuwa na kumwelekeza dereva kurudi nyuma: "Lete, lete, kata kulia, kata, nyoosha, haya simamaa!"

Na juu ya yote kulikuwa na kugonga, na kugonga ndiyo roho ya kazi. Pamba ikishapakiwa na kushindiliwa, dereva haoni kitu nyuma yake. Utingo anakaa juu ya mzigo, na kwa kiganja chake anagonga paa la kebini. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Mfululizo, kuna hatari. Bila kugongwa lori halitoki. Hiyo haikuandikwa popote, lakini madereva wote wa yadi yetu waliishika kama kiapo, kwa sababu kabla sijaja kuna dereva aliyeondoka bila kugongwa, na mpakiaji mmoja alikuwa bado yuko chini anafunga kamba. Alipona, ila miguu yake haikupona.

Mzee Athumani aliniambia siku ileile ya kwanza: "Mimi macho yangu yako mbele tu. Ya nyuma ni yako. Usipogonga siondoki, hata aje mkuu wa mkoa."

Hebu fikiri. Mtu ambaye pasipo kiganja chake gari zima la pamba haliendi popote, ndiye anayeitwa boi.

Na sikuwa peke yangu. Neno hilo lilikuwa limetapakaa kila mahali. Aliyepika kwa meneja alikuwa hausiboi. Aliyefyeka bustani alikuwa shambaboi. Pale ofisini kulikuwa na Mzee Lugembe, mtu wa mvi, mwenye wajukuu, kazi yake kupeleka karatasi na kuleta chai, na yeye alikuwa ofisiboi. Tena hiyo ilikuwa miaka ya ujamaa! Kwenye mikutano sote tulikuwa ndugu. Meneja alisimama mbele yetu na kusema, "Ndugu wafanyakazi, hakuna bwana wala mtwana," tukapiga makofi, mkutano ukafungwa, kisha akageuka akasema, "Boi, rudisha viti." Nasi tulirudisha viti. Mazoea yana taabu, jamani.

Nilifanya kazi hivyo misimu kadhaa. Nilizungusha, nilifunga, niligonga, na nilipoitwa boi niliitika naam.

Kilichonizindua kilitoka nyumbani kwangu. Msimu mmoja lori letu liliharibikia yadini, nikawa nashinda pale, na mke wangu Kabula akawa ananiletea chakula mchana, amemshika mkono binti yetu mkubwa, Minza. Minza alikuwa amefika umri wa kusema kila anachosikia. Pale getini mlinzi alikuwa anaita, "Boi wa Athumani, chakula!" Siku moja narudi nyumbani jioni, niko bado kwenye boma la ng'ombe, nikamsikia mtoto akipiga kelele za furaha kumwita mama yake:

"Mayu! Mayu! Boi amefika!"

Alinikimbilia akanikumbatia miguu. Alidhani ndilo jina langu. Kabula alicheka, kisha akaniona uso, akamvuta mtoto kwake.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliona aibu mbele ya mke wangu, ndani ya mji wangu mwenyewe, kwa neno ambalo nilikuwa nimelibeba mwenyewe kutoka kazini kama anayeleta kunguni nguoni. Sikumgusa mtoto. Ugali uliletwa, nikautazama tu.

"Umemkasirikia mtoto?" Kabula aliniuliza.

"Hapana."

"Maana mtoto kasema alichosikia. Kama jina hulipendi, lizuie huko linakotoka. Usije ukanuna hapa kwangu."

Huyo ndiye Kabula. Hakubembelezi.

Siku zile jioni tulikuwa tunasoma elimu ya watu wazima pale shule ya msingi. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Leokadia, binti wa Kihaya aliyepangiwa huku kwetu, mkali wa chaki lakini mwenye subira na wazee. Kesho yake nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, boi ni nini hasa?"

"Ni Kiingereza. Maana yake mtoto wa kiume."

"Basi mbona Mzee Lugembe wa ofisini ni boi, na ana wajukuu?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama na chaki yake akifikiri, kisha akasema, "Hilo swali si la kulijibu hivihivi. Nipe muda niulize na nisome." Nilimpenda kwa hilo. Wasomi wengi ukiwauliza wasichokijua wanakufokea.

Alipolirudia, alilieleza taratibu. Alisema Waingereza wa zamani sana, walipoanza kulitumia neno hilo, halikuwa la mtoto kwanza. Lilikuwa la mtumishi, mtu wa chini, asiye na cheo wala sauti. Baadaye ndipo likahamia kwa mtoto wa kiume, na kwao leo ni neno zuri, mama anamwita mwanawe nalo bila ubaya. Lakini Waingereza walipokwenda kutawala nchi za watu, Wahindi huko na Waafrika huku, walilichukua na maana yake ya kale ikiwa nzima, wakamwita nalo mtu mzima aliyewatumikia, hata awe na mvi.

"Na kabla ya hapo lilitoka wapi?" nikauliza.

"Hapo wataalamu wenyewe wanabishana. Huyu anasema lilitoka lugha hii, yule anasema ile. Hakuna mwenye hakika."

"Kwa hiyo neno lenyewe halijulikani baba yake," nikasema, "na ndilo linaniita mimi, mwenye baba!"

Darasa lilivunjika mbavu, hata mwalimu safari hii akacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Nilikuwa nimepata hasira yenye miguu, inayojua inakokwenda. Mpaka siku ile nilidhani wananiita mtoto, na mtoto hukua. Kumbe wananiita mtu asiye na sauti, na huyo hakui hata afikishe miaka mia. Nilitoka darasani nimeamua kwamba neno lile sitaliitikia tena, na kama kazi itakwenda, iende. Nilimwambia Kabula. Akaniuliza, "Na wakikufukuza?" Nikamwambia tutalima. Akasema, "Haya, jembe lipo."

Haikuchukua muda. Ulikuwa mwisho wa msimu, tunamalizia pamba ya vijijini kabla mvua hazijashika. Tulikwenda Zagayu, na Meneja wa Usafirishaji alipanda nasi kebini kwa kuwa gari lake dogo lilikuwa bovu na alitaka kuona mwenyewe kama pamba ya ghala la kijiji imeisha. Tulipakia mchana kutwa. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa Bariadi, na kati yetu na Bariadi kulikuwa na mto. Mto wenyewe mnaujua, asubuhi unauvuka kwa viatu, mvua ikinyesha juu huko hata lori halipiti. Kuchelewa maana yake ni kulala ng'ambo na mzigo, labda siku mbili, tatu.

Kazi yangu niliimaliza yote. Nililifunga turubai nikalikaza, nikaangalia magurudumu, nikahakikisha hakuna mtu chini, nikapiga hendeli, injini ikashika, nikapanda juu ya pamba nikakaa. Wanakijiji walikuwa wamesimama pembeni ya mizani wakitutazama tunavyoondoka.

Meneja alitoa kichwa dirishani. "Boi! Gonga twende!"

Sikugonga.

"We boi! Huoni wingu?"

"Nimeliona, Meneja," nikasema. "Lakini huku juu hakuna boi. Kuna mtu. Akiitwa, atagonga."

Wanawake waliokuwa pale kwenye mizani waliangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele. Meneja aliingiza kichwa ndani. Nilimsikia akimwambia Mzee Athumani, "Ondoa gari."

"Sijagongwa, Meneja."

"Mimi ndiye ninayekuamuru."

"Na mimi nakusikia. Lakini ulikuwapo yadini siku ile mwenzetu alipokanyagwa miguu. Uliona. Wallahi siondoki bila kugongwa."

"Basi mwite huyo boi wako kwa jina lake, tumalize upuuzi huu!"

Mzee Athumani akazima injini. Kuizima injini pale maana yake ni hendeli upya, na hendeli ni mimi. Akamwambia, "Hajagombana na mimi. Mwite wewe."

Meneja akatoa kichwa dirishani, akanitazama, akakirudisha ndani. Nikaelewa, na nadhani watu wote pale wakaelewa kwa pamoja: hakulijua. Misimu yote ile mtu huyu alinipita asubuhi na jioni, na jina langu hakulijua. Si kosa kutojua jina la mtu. Angeniuliza. "Wewe unaitwa nani?" Maneno matatu tu! Mtoto mdogo anauliza hivyo kisimani akikutana na mwenzake. Yeye alifungua mlango, akashuka, akatazama wingu, akasema, "Nitatembea." Na akaanza kutembea, na viatu vyake vya ofisini, kuelekea mtoni.

Wazee wa Zagayu walishika videvu. Mmoja akasema kwa Kisukuma kwamba huyu bwana amerogwa na cheo.

Mzee Athumani alishuka, akasimama kando ya lori, akanitazama. "Sayi," akasema, "hebu njoo upige hendeli, mwanangu, tusije tukalala hapa." Nikashuka, nikapiga, nikapanda, nikagonga mara mbili kwa nguvu mpaka kiganja kikawaka.

Tulimkuta meneja mtoni. Maji yalikuwa yameanza kujaa, amesimama ukingoni ameshika viatu mkononi. Mzee Athumani akasimamisha, akamfungulia mlango, meneja akapanda. Tulivuka maji yakiwa yamefika katikati ya magurudumu, tukaendelea mpaka Bariadi.

Asubuhi yake nilikwenda kazini kama kawaida. Malori yote yalikuwa mstarini, meneja amesimama barazani. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Yule boi wa Athumani asipande gari. Kuanzia leo kazi hana."

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Kukaa juu ya pamba Zagayu ni rahisi, una hasira na una watu wanakushangilia. Kusimama yadini asubuhi na mikono mitupu, ukijua unarudi kumwambia mkeo, ni jambo lingine kabisa. Lakini habari za Zagayu zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Kuna wapakiaji waliokuwa nasi, na mpakiaji hafichi kitu.

Hendeli zilipigwa. Injini zikashika moja baada ya nyingine. Matingo wote wakapanda juu. Madereva wakakaa kwenye usukani wakisubiri. Na hakuna aliyegonga.

Yadi nzima ilikuwa inanguruma na hakuna gari lililosogea. Meneja aliangalia huku na huku. "Nyie maboi, mna wazimu? Gongeni!"

Juu ya lori la kwanza mtu akasimama. "Mimi naitwa Shija!"

Juu ya la pili: "Mimi naitwa Ng'wandu!"

"Mimi Juma, jina la nyumbani Binza!"

"Mimi Masanja!"

Majina yakaendelea kuruka kutoka lori hadi lori, kila mmoja akilisema lake kwa nguvu kushinda injini, na wengine nilikuwa nimefanya nao kazi miaka yote ile na siku hiyo ndiyo kwanza nasikia wanaitwaje. Kisha mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee Lugembe akatoka na sinia la chai ya meneja. Alishuka ngazi taratibu, akaliweka sinia chini kwenye vumbi, akanyoosha mgongo, akasema, "Na mimi naitwa Lugembe." Sauti yake haikuwa kubwa. Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Meneja aliingia ndani akafunga mlango.

Kabla ya saa sita Katibu wa Chama akaja, ameambiwa wafanyakazi wamegoma. Alitukusanya kivulini mwa ghala. "Ndugu zangu, mnataka nini? Mishahara?"

"Majina yetu," Shija alimjibu.

"Majina tu?"

"Majina tu."

Katibu alicheka, akaangalia nyuso zetu, akaacha kucheka. Alikuwa mtu mwelewa. Siku zile redio ilikuwa haikauki kutuambia kiongozi asiwe na kiburi, naye alijua habari hii ikipanda juu itamkuta nani. Aliingia ofisini, akakaa huko sana, akatoka akatangaza kwamba neno boi halitatumika tena katika yadi ile, na kwamba hakuna aliyefukuzwa. Tulirudi malorini, tukagonga.

Lakini mimi sikukaa. Wiki hiyohiyo nilihamishiwa Malampaka, kwenye stesheni ya reli ambako marobota ya pamba yalipakiwa kwenye mabehewa. Kila mtu alijua ni adhabu. Mbali na nyumbani, mbali na shamba, na kubeba marobota ni kazi ya kuua mgongo. Msimamizi wa Bohari wa Malampaka alinipokea kwa kusema, "Nasikia wewe mkorofi." Nikamwambia, "Ndiyo, bwana, lakini nafanya kazi." Tulielewana vizuri tu. Baadaye nikapelekwa Maswa, na pale Ofisa Usafiri, mzee mmoja wa Tabora aliyependa utani, akaniruhusu nijifunze usukani. Mara ya kwanza nilifeli mtihani wa udereva, nikarudi tena nikafaulu. Nikawa dereva, na nikaendesha mpaka malori ya ushirika yalipoanza kuoza yadini na mimi kustaafu.

Kila utingo niliyepewa nilimsalimia kwa namna moja. Kabla ya hendeli, kabla ya chai: "Unaitwa nani, na kwenu ni nani?" Wengine walishangaa. Mmoja alinijibu, "Niite boi tu, mzee, nimezoea." Nilimwambia ashuke kwenye gari langu mpaka atakapokumbuka jina alilopewa na mama yake. Alilikumbuka upesi!

Sasa niko nyumbani. Bariadi imekuwa makao ya mkoa, ofisi zimejaa, pale stendi pikipiki ni nyingi kuliko mbuzi. Juzi kijana mmoja wa bodaboda, ameandika nyuma ya pikipiki yake "Simiyu Boi" kwa rangi nyekundu, alinisikia nikigombana na neno hilo, akacheka. "Mzee, umepitwa na wakati. Sisi neno hili tumelichukua, sasa ni letu. Boi ni mjanja, ni mtu wa mjini."

Nikamwambia, sawa. Mtu akijiita mwenyewe, anajiita. Nguo ya mtumba ukiifua ukaivaa ni yako. Lakini akikuita mwingine, yeye amekaa na wewe umesimama, usikilize vizuri tumboni mwako linavyoingia. Tumbo halidanganyi. Na hausiboi wa huko mjini bado yupo, jamani, msijifanye hamumwoni. Ana ndevu, ana mke kijijini, na mwenye nyumba hajui anaitwaje.

Kijana hakunyamaza, nami nawapenda wasionyamaza. Akasema, "Lakini mzee, mwisho wa yote si wewe ndiye uliyehamishwa? Meneja alibaki na kiti chake. Kwa hiyo ulishindwa."

Wengi husema hivyo, hata ndugu zangu walisema. Basi nitamalizia na hilo.

Uhamisho wangu ulitangazwa yadini, asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu meneja alitaka niwe fundisho. Alitoka barazani akasimama. Akatafuta namna ya kulisema. Kusema "yule boi wa Athumani" hakuweza tena, Katibu alikuwa amekaa palepale nyuma yake. Na mtu humhamishi kwa kumnyooshea kidole, lazima useme ni nani anayekwenda. Alikuwa ameenda kuuliza, sijui kwa karani, sijui kwa nani, lakini alikuwa ameuliza.

"Sayi," akasema. "Sayi Masunga."

Nilikuwa mstari wa nyuma kabisa. Niliinua kichwa nikaitika, "Naam!" kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.